Anayesomea Fedha Aanze na Hesabu ya Wavu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na KUCCPS ikishapanga watu vyuoni, mazungumzo ni yale yale kwenye baraza za Lamu, kuanzia Mkomani hadi Langoni. "Wangu kapata digrii ya biashara, asema atachukua fedha." "Mashaallah, basi benki hiyo!" Hapo mambo yamekwisha. Kijana keshavishwa tai, keshawekwa nyuma ya kioo, na nyumbani wameshaanza kuupangia mshahara wake matumizi. Miaka minne baadaye anarudi na cheti, benki hazimwiti, na mtaa mzima unakata shauri kwamba ile kozi ilikuwa ya bure.

Mimi nasema kozi haikuwa ya bure. Ilisomwa kwa nia isiyokuwa yake, na kosa hilo ni la wazazi, la vyuo na la sisi tunaoandika na kushauri, kabla ya kuwa la kijana.

Tuimalize kwanza habari ya kaunta. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya ikaruhusu benki kutumia mawakala, na leo mwenye duka anapokea na kutoa pesa za benki huku akimpimia mteja mchele. Kazi ile haimhitaji mtu aliyekaa chuoni miaka minne, na hata zamani haikumhitaji. Ilitaka uaminifu na mkono mwepesi wa kuhesabu noti. Anayemsukuma mwanawe kwenye fedha kwa ajili ya kaunta anamlipia karo ya kitu ambacho soko halinunui tena.

Somo lenyewe lina maswali mawili yanayorudi tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Shilingi ya leo ina thamani gani ukiilinganisha na shilingi ya mwakani? Na mambo yakiharibika, nani anabeba hasara, na kwa malipo gani? Ukitoa majina makubwa na herufi za Kigiriki, vinavyobaki ni hivyo viwili. Katika vyuo vingi vya Kenya mwanafunzi wa shahada ya biashara husoma mchanganyiko kwa miaka miwili: uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara, usimamizi. Mwaka wa tatu ndipo anapochagua njia yake. Akichagua fedha anakutana na Harry Markowitz wa 1952 na nadharia yake ya kutawanya uwekezaji, na Modigliani na Miller wa 1958 wanaouliza kama kuna tofauti ya kuendesha kampuni kwa deni au kwa mtaji wa wenye hisa. Anakutana na William Sharpe wa 1964, aliyeunganisha faida ya hisa na hatari yake, na hesabu za Black na Scholes za 1973 za kupima bei ya mkataba unaokupa haki ya kununua kitu siku za usoni. Ni fikra nzito na nzuri, na waliozibuni wengi walipata tuzo ya Nobel kwazo.

Shida ni mifano. Mwanafunzi anafundishwa kwa kampuni za Marekani, na mwalimu akijitahidi anamletea kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Anahitimu akijua kukokotoa hatari ya hisa ya kampuni ambayo hana hata hisa moja kwake, na hajawahi kuombwa apige hesabu ya deni la wavu wa ami yake. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu deni la wavu ni hesabu ngumu kuliko nyingi zilizomo kwenye vitabu vile, na linagusa maelfu ya nyumba kuanzia Kizingitini na Faza hadi Malindi na Ngomeni.

Nimewahi kukaa dukani kwa mnunuzi mmoja wa samaki, wale tunaowaita matajiri, nikaangalia anavyofanya kazi. Mizani imening'inia mlangoni, sanduku la barafu liko nyuma yake, na juu ya sanduku kuna daftari refu la jalada gumu lililolowa pembe. Kila ukurasa una jina la mvuvi juu, na chini yake safu za tarehe, kilo, bei na deni. Safu ya riba haipo. Ukimwuliza, "Ami, watoza riba kiasi gani?" atasema astaghfirullah, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojua. Yeye amempa mvuvi wavu, na mvuvi ameahidi kumwuzia samaki yeye peke yake mpaka deni liishe. Basi.

Sasa mwanafunzi wa fedha akae na daftari lile. Nitaweka tarakimu za mfano ili hesabu ionekane. Wavu ni KSh 20,000. Bei ya samaki sokoni ni KSh 300 kwa kilo, na tajiri anampa mvuvi wake 250. Wakati wa kaskazi bahari ni nzuri, kwa hiyo tuseme mvuvi anapata kilo 8 kwa siku na anatoka siku 20 kwa mwezi. Hizo ni kilo 160, na kwa kila kilo anaacha shilingi 50 mezani kwa tajiri. Mwezi mmoja anakuwa ameacha KSh 8,000, nalo deni la wavu bado ni 20,000 vilevile, kwa sababu hizo 50 hazihesabiwi kuwa malipo. Kwa mwezi ule, mkopo usiokuwa na riba umegharimu asilimia 40.

Mwanafunzi mwenye haraka ataishia hapo, ataandika kwamba tajiri ni mnyonyaji, na atapewa alama nzuri. Asome mbele kidogo. Ikifika kusi bahari inachafuka. Mvuvi anatoka siku 8 kwa mwezi na kurudi na kilo 2. Kilo 16 mara shilingi 50 ni KSh 800 tu, yaani asilimia 4. Katika miezi ya maleleji, pepo zinapobadilika, tuseme ni KSh 4,000. Ukichukua miezi 5 ya kaskazi, 5 ya kusi na 2 ya maleleji, mwaka mzima mvuvi ameacha 40,000, na 4,000, na 8,000. Jumla KSh 52,000, na deni la 20,000 lingalipo. Ni asilimia 260 kwa mwaka.

Lakini angalia umbo la malipo yale. Yanapanda bahari inapotoa na yanashuka bahari inaponyima. Mkopo wa kawaida hauna tabia hiyo. Kwa jinsi yanavyokwenda na mapato, malipo yale yanafanana zaidi na hisa kuliko deni. Mkopo wa simu haujui kusi wala kaskazi. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa KSh 20,000 ni KSh 1,500 kila mwezi, au 18,000 kwa mwaka kama mvuvi angeweza kulipa na kukopa upya kila baada ya siku 30. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka, na kama ada nayo ingekuwa inaingizwa kwenye deni kila mwezi, ingefika karibu asilimia 138. Hata hivyo ni nafuu kuliko tajiri kwa KSh 34,000. Halafu kuna Sacco: kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kiwango ambacho Sacco nyingi hutumia, wavu uleule ungelipwa kwa miezi 12 kwa riba ya KSh 1,300 tu.

Basi kwa nini mvuvi mwenye akili timamu anabaki kwa tajiri? Hapa ndipo somo la fedha linapoanza kuwa na maana, na ndipo nisipotaka mwanafunzi wetu akimbilie jibu la kwamba watu hawajasoma. Mkopo wa simu unataka KSh 20,000 zote zirudi siku ya 30, hata kama tangu mwezi uandame upepo haujatulia. Sacco inataka wadhamini na akiba ya awali, na inataka malipo ya mwezi yasiyobadilika. Tajiri hataki hata kimoja katika hivyo. Mtoto akiugua usiku, mvuvi anabisha kwa tajiri. Mchele ukiisha katikati ya Julai, unatoka kwa tajiri. Ile KSh 34,000 ya ziada ni faida yake kwa sehemu, na kwa sehemu ni bei ya bima ambayo mvuvi hana pengine pa kuinunua. Swali la kitaalamu ni moja: sehemu ya bima ni ngapi na ya faida ni ngapi? Mtu akiweza kulijibu swali hilo kwa takwimu za msimu mzima, atakuwa amefanya kazi ya fedha iliyo halisi kuliko ripoti nyingi zinazochapwa kwa rangi. Na akilijibu, anaweza kubuni mkopo unaolipwa kwa kilo badala ya mwezi. Akipata Sacco ya kuukubali, mvuvi atakuwa na pa kwenda.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, na lingali linatumika. Chombo kikirudi, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha mapato hukatwa mafungu: chombo kina fungu, wavu una fungu, nahodha na mabaharia wana mafungu yao. Safari ikiwa tupu, hakuna aliyewiwa. Mwenye chombo amekula hasara yake na baharia amepoteza jasho lake. Huo ni mtaji wa hisa kamili, na mwanafunzi anayehangaika kuwaelewa Modigliani na Miller atawaelewa haraka akimfikiria mwenye dau aliyenunua injini kwa mkopo wa benki. Kabla ya injini, kusi ilimletea njaa tu. Baada ya injini, kusi inamletea njaa na barua ya benki. Nadharia ya 1958 inasema kwamba katika dunia isiyokuwa na kodi wala kufilisika, kugawanya mtaji baina ya deni na hisa hakubadilishi thamani ya shughuli. Dunia yetu ina kufilisika, na injini inachukuliwa. Pengo lililopo baina ya dunia ile na hii ndilo somo la mwaka mzima.

Markowitz naye ana la kutuambia, la kuumiza. Fundisho lake tunalirahisisha tukasema usiweke mayai yote kwenye kikapu kimoja, kisha tunadhani tumelifahamu. Familia nyingi za hapa zilidhani zimelitekeleza: kijana mmoja bahari, mwingine anawatembeza watalii Shela na Manda kwa dau, dada anapangisha vyumba, mama anauza chakula. Shughuli nne, vikapu vinne. Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, na Julai ikawekwa kafyu ya usiku Lamu. Wavuvi wa usiku wakazuiwa kutoka. Watalii wakakatika, kwa sababu nchi zao ziliwaonya wasije pwani. Vyumba vikawa vitupu. Mpishi akakosa wa kumpikia. Malindi nako, Casuarina, hoteli zilifunga milango na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Shughuli zote nne zilianguka mwezi mmoja kwa sababu moja.

Alichosema Markowitz kwa kweli ni kwamba idadi ya vikapu haina maana kama vyote vinaanguka pamoja. Cha kupima ni jinsi mapato yanavyosogea kwa uhusiano wao. Mwanafunzi wa Lamu anaijua hesabu hii mwilini kabla hajaiona ubaoni. Akiletewa mfano wa 2014 darasani hataisahau fomula yake maisha. Na swali linalofuata ni la kazi: ni pato gani ambalo familia ya Lamu inaweza kuwa nalo lisiloanguka siku ile ile? Hatifungani za serikali ni mojawapo. Mwaka 2017 serikali iliuza M-Akiba kwa simu, kuanzia KSh 3,000, kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2023 Benki Kuu ikazindua mfumo wa DhowCSD, na mtu akiwa na KSh 50,000 anaweza kununua hatifungani bila kukanyaga Nairobi. Ni wangapi hapa wanaojua? Na kwa anayejua lakini akauliza, "Hiyo si riba?", nani atamjibu kwa elimu ya pande mbili?

Swali la riba linahitaji uzito wake, kwa sababu linawakalia kooni wanafunzi wengi wa Kiislamu wanaosomea fedha, na vyuo huwa haviligusi au huligusa kwa haraka katika muhula wa mwisho. Nimesikia wazazi wakikataa kozi hii kwa sababu hiyo tu, na ninaiheshimu hofu yao. Ila nadhani inaelekezwa pasipo. Wanazuoni wana kanuni inayojulikana kwamba kila mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ni riba. Rudi sasa kwenye daftari la tajiri: wavu umekopeshwa kwa sharti la kuuziwa samaki kwa bei ya chini. Hukumu ya hilo nawaachia mashekhe, si kazi yangu. Lakini shekhe atahukumu vipi asipoonyeshwa ile KSh 52,000? Aliye na uwezo wa kuitoa ndani ya daftari lisilo na safu ya riba ni mtu aliyesoma fedha. Vivyo hivyo murabaha. Benki inanunua injini kwa KSh 300,000 na kukuuzia kwa 360,000 kwa awamu. Ni biashara halali kwa masharti yake, na anayejua kupunguza thamani ya malipo ya baadaye ndiye atakayekuambia kama nyongeza ile ni ya haki au umepandishiwa kuliko mkopo wa kawaida wa jirani. Benki za Kiislamu zimekuwapo Kenya tangu 2008. Zitaendelea kuwahitaji watu wanaozijua njia zote mbili barabara, wala hawapatikani kwa kukimbia kozi.

Tena ule mfumo wa mafungu uko karibu sana na musharaka, ushirika wa kumiliki mali pamoja. Chukua wavu wetu wa KSh 20,000. Kikundi cha akiba kinaununua pamoja na mvuvi, kila upande na sehemu yake, kisha fungu la wavu linagawanywa kwa kadiri ya umiliki. Kila kaskazi mvuvi ananunua sehemu zaidi kutoka kwa kikundi, mpaka wavu unakuwa wake. Kusi haimdai. Mtu anaweza kuiandika kama mkataba wa kurasa mbili, akaipigia hesabu ya misimu mitatu kwenye kompyuta, akaona kikundi kinapata kiasi gani na kinaanza kupata hasara samaki wakipungua kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo tasnifu ya mwaka wa nne ninayotamani kuisoma. Ninazoletewa nizipitie mara nyingi ni juu ya faida ya benki za Nairobi, kwa takwimu zilizopakuliwa, na hitimisho ambalo mwandishi mwenyewe halimhusu.

Kuna mikataba mikubwa pia, na hapa ndipo ukosefu wa watu waliosoma fedha ulipotuumiza kama mji. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi ulikuwa wa megawati 1,050 na gharama yake ilitajwa kuwa kama dola bilioni 2. Watu wa Lamu, wakiwamo Save Lamu, walipambana nao kwa hoja za samaki, moshi na afya, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kesi za mazingira, NET, likafuta leseni yake. Nawapongeza waliosimama. Lakini ndani ya mkataba wa kununua umeme kulikuwa na jambo ambalo wachache miongoni mwetu waliweza kulijadili: malipo ya uwezo, yanayolipwa kila mwaka hata kama umeme wenyewe hautumiki. Taasisi ya uchumi wa nishati ya IEEFA, ya Marekani, ilikadiria mwaka huo wa 2019 kwamba yangefika dola milioni 360 kwa mwaka kwa miaka 25.

Ukijumlisha moja kwa moja unapata dola bilioni 9. Aliyesoma fedha hajumlishi hivyo. Anazirudisha zote kwenye thamani ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 10, milioni 360 kwa mwaka kwa miaka 25 ni sawa na karibu dola bilioni 3.27 leo, dhidi ya mtambo wa bilioni 2. Sehemu ya tofauti ile ni gharama za kuutunza mtambo, hilo linakubalika. Baki yake inastahili kuulizwa, na kuulizwa kwa Kiswahili, mkutanoni, na mtu wa hapa. Sisi tulisubiri ripoti ya kigeni itufanyie hesabu ya mwaka wa pili wa chuo.

Fidia ya wavuvi kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe KSh bilioni 1.76, kama KSh 382,000 kwa mtu ukigawa sawa. Kisha zikaja rufaa na mazungumzo, na ikakubaliwa kwamba sehemu itolewe kwa vyombo na zana badala ya pesa taslimu. Meli za kwanza zilitia nanga kwenye gati jipya la Ghuba ya Manda Mei 2021. Waliokuwa mezani walibishana juu ya jumla, ambayo ni haki yao. Lakini KSh 382,000 zikicheleweshwa miaka 5, bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, zinanunua vitu vya kama KSh 285,000. Karibu laki moja kwa kila mvuvi inayeyuka bila mtu yeyote kuiba. Sharti moja la nyongeza kwa kila mwaka wa kuchelewa lingeizuia. Sharti hilo ni la mstari mmoja, na linaandikwa na mtu anayejua kwamba muda una bei.

Nimetaja muda kuwa na bei. Mwanafunzi mwenyewe ameshatia saini mkataba wa aina hiyo kabla ya somo la kwanza, nao ni wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo ule una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko mikopo mingi atakayokopeshwa tena maishani. Lakini anayeacha kulipa hutozwa faini ya KSh 5,000 kwa mwezi. Kwa deni la KSh 200,000, riba ya mwaka ni 8,000 na faini ya mwaka ni 60,000, yaani asilimia 30. Deni lile lile, gharama mbili zilizo mbali kabisa. Kwa hiyo kijana aliyemaliza na hajapata kazi ana sababu nzito ya kuandikia bodi mapema na kuomba utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, badala ya kuzima simu. Wanafunzi wa fedha ndio wangepaswa kuwaeleza wenzao wa kozi nyingine jambo hili, bwenini, bila kungoja semina.

Sasa nani asome? Jibu langu ni kali kidogo. Anayekimbia hesabu asichukue fedha. Kuna imani kwamba biashara ni pa kukimbilia ukishindwa na hisabati, na katika baadhi ya njia za shahada ile mtu anaweza kupenya. Kwenye fedha hatapenya, atakariri. Takwimu za mwaka wa kwanza na wa pili, zile ambazo wengi huzipita kwa alama ya kusukuma, ndizo zinazobeba Markowitz na Sharpe na kila kitu kinachofuata. Uhasibu nao asome kwa bidii, kwa sababu huwezi kukadiria pesa zitakazokuja kama hujui kusoma daftari la zilizokuja. Na ajifunze Excel mpaka vidole vijue njia. Mitihani ya KASNEB, CPA kwa uhasibu au CIFA kwa uwekezaji, inaongeza uzito wa cheti, lakini ina gharama na inakula muda; ningemshauri aianze akishajua ni kazi gani anaitaka. CFA, cheti cha kimataifa cha uwekezaji chenye ngazi tatu, inafaa zaidi kwa anayelenga kampuni za uwekezaji za Nairobi au ng'ambo, na hakuna ubaya wa kulenga huko.

Kwa atakayetaka kurudi, hatua inayoweza kumbadilishia kila kitu ni atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Wengi hutafuta benki Mombasa, wanapewa kazi ya kupanga faili, wanapigiwa mhuri. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo mfupi wa matatu kutoka Malindi, na kina wanafunzi wa biashara. Waletwe kwenye kamati za ufuo za BMU, kwenye Sacco za wavuvi na za bodaboda, kwenye idara ya fedha ya kaunti, kwenye hoteli ndogo ambazo mwenyewe hajui mwezi gani anakula mtaji wake. Mahali hapo hawatapewa faili za kupanga, kwa sababu faili hazipo. Watapewa daftari lililolowa, na itawabidi wakae na mvuvi mpaka wajue kila tarakimu ilitoka wapi. Mhadhiri anayesimamia akubali ripoti ya namna hiyo kwa uzito ule ule anaoupa ripoti ya benki, na aende mwenyewe ufuoni kuikagua.

Sacco na BMU nazo zina upande wao. Viongozi wengi huogopa kumfungulia mgeni vitabu, na mwanafunzi wa hapa huonekana mtoto, asiyestahili kujua mambo ya wakubwa. Lakini wakubwa hawa hawa wanakaa na wawekezaji waliokuja na mahesabu yaliyopigwa chapa, na wanatia saini. Kijana wa miaka 22 aliyesoma fedha, aliyelelewa mtaa ule ule, akae pembeni ya kiti cha mwenyekiti na kompyuta yake, asome mkataba kabla ya wazee. Maombi ya atachimenti huanza kuandikwa mwaka wa tatu. Kila BMU kati ya Kiunga na Ngomeni iandike chuoni mwaka huu, iombe mwanafunzi mmoja, na imwekee posho ya chakula na nauli ya mashua.